Tofauti za Manyoya kama Ushahidi wa Utambuzi wa Ndege Mmoja Mmoja: Mfano wa Kwelea Kwelea na Pengwini wa Afrika

Makala hii inafafanua namna ndege anavyoweza kumtambua mwenzake mmoja kwa kumtazama, na ushahidi unaohitajika kabla ya kudai kwamba utambuzi huo upo. Tofauti ya rangi peke yake haitoshi, kwani rangi inaweza kuashiria jinsi, umri au afya bila kumpambanua ndege mmoja na wengine.

Kwelea kwelea, anayefahamika Afrika Mashariki kwa kuharibu mashamba ya nafaka, anadhihirisha hoja hiyo. Wakati wa kuzaliana, madume hutofautiana sana: uso wa mmoja huwa mweusi na wa mwingine mweupe, na manyoya ya utosi na kifua huanzia rangi ya manjano hadi nyekundu. Dale (2000) alibaini kwamba rangi hizo haziashirii ubora wa dume. Aidha, rangi ya uso haitabiri rangi ya kifua. Sifa zinazojitegemea namna hii huzaa michanganyiko mingi. Hivyo, palipo na maelfu ya viota vilivyosongamana, jirani si rahisi kufananishwa na mgeni. Matokeo haya yanaafiki dhana kwamba manyoya hayo ni kitambulisho. Hata hivyo, yanahusu alama yenyewe, si matumizi yake kwa anayeitazama.

Pengo hilo huzibwa kwa jaribio. Pengwini wa Afrika ana vidoa vyeusi kifuani, na mpangilio wake haubadiliki hata ndege mzima anapobadili manyoya. Baciadonna na wenzake (2024) waliwaonyesha pengwini 12 wanaofugwa Italia picha mbili kwa pamoja, moja ikiwa ya mwenzi. Pengwini walimtazama mwenzi kwa muda mrefu zaidi. Vidoa vilipofutwa katika picha zote mbili, upendeleo huo ulitoweka. Kwa kuwa ni vidoa tu vilivyoondolewa, inabainika kwamba ndivyo vilivyobeba utambulisho.

Kwa hiyo, mtafiti anapaswa kutenganisha maswali mawili: je, alama inatosha kumtofautisha ndege mmoja na mwingine? Na je, ndege wenzake huitumia? Kwa kwelea kwelea, swali la pili linaweza kupimwa kwa kubadili rangi ya uso wa dume anayefahamika, kisha kulinganisha mapokezi ya majirani zake kabla na baada ya badiliko hilo.