Tusifichane Makosa ya Picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme na wenzangu tunaopiga picha kwa kupenda tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Mwaka 2019, tulipomuaga mwalimu mkuu wetu aliyestaafu, nilimpiga picha ameketi ofisini, dirisha likiwa nyuma yake. Kila niliyemwonyesha alisema, "Safi sana, Mwalimu!" Nami nikaridhika.

Mwaka uliofuata mzee alifariki. Familia ilipoomba picha ya kuweka kando ya jeneza, uso haukutambulika. Ulikuwa giza tupu. Ndipo mwalimu mwenzangu akakiri kuwa kosa aliliona siku ile ile, ila aliogopa kuniudhi. Na mzee alikuwa jirani yetu mwaka mzima! Ningeweza kurudia.

Ndugu wasomaji, kamera hupima mwanga. Dirisha likiwaka nyuma ya mtu, kamera hupunguza mwanga wa picha nzima na uso hubaki gizani. Ingetosha kuniambia: "Umemkalisha vizuri, lakini mgeuze alitazame dirisha."

Kumsifu mwenzako kwa uongo si wema, na kumcheka si kumfundisha. Tutaje kwanza kilicho kizuri, kisha kosa moja na namna ya kulirekebisha, tena mapema. Mbona madaftari ya wanafunzi hatuyajazi alama za vyema tu?

Mwalimu wa Kijijini,
Njombe.