C na C++: hapa mtoto wa nyoka si nyoka

Wadau, leo naweka siasa na soka pembeni. Nataka kuongea na wale vijana wanaojifunza programu kwa kulipia kompyuta kwa saa, kama nilivyoanza mimi.

Siku moja niliingia intaneti kafe na fotokopi ya kitabu cha C. Nikalipia saa nzima, nikanakili mfano herufi kwa herufi. Kompaila ikakataa. Nikafuta, nikaandika upya. Ikakataa tena. Dakika hamsini zikaisha hivyo, na moyoni nikasema hii kazi si ya watu kama mimi. Nilikuwa nakusanya vitu vyangu niondoke. Jamaa wa pale kaunta akaja akaangalia, akaniuliza: "Mdogo wangu, faili lako umelisevu kwa jina gani?" Lilikuwa linaishia na .cpp. Akabadilisha ikawa .c, akakompaili, programu ikakimbia!

Sasa kulikuwa na nini pale? Wengi tunaambiwa C++ ni C iliyoongezewa vitu, kwa hiyo kila cha C kinakubalika kwenye C++. Sio kweli.

Kwanza historia kidogo. C ilitengenezwa na Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 mfumo wa Unix ukaandikwa upya kwa lugha hiyo. Mwaka 1979, hapo hapo Bell Labs, Mdenmaki Bjarne Stroustrup akaanza kuiongezea C klasi, wazo alilolipenda kwenye lugha ya Simula ya kule Norway. Mwaka 1983 ikapewa jina la C++. Alama ya ++ ndani ya C maana yake ni "ongeza moja".

Lakini huyo mtoto alikua na tabia zake. Angalia mstari huu:

int *namba = malloc(10 * sizeof(int));

Hapo unaomba nafasi ya namba kumi kwenye memori. malloc inakurudishia anwani tu, haisemi ni nafasi ya kitu gani. C inasema poa, wewe ndiye unajua. C++ inasema hapana, taja kwanza ni ya nini. Lazima uandike (int*) kabla ya malloc. Huo ndio mstari ulionilia saa yangu.

Mfano wa pili:

int new = 5;

Kwenye C hakuna tatizo, new ni jina kama jina lingine lolote. Kwenye C++ new ni neno la lugha yenyewe, linatumika kuomba memori, huruhusiwi kumpa mtu mwingine. Hata class ni hivyo hivyo.

Hayo mawili yana nafuu, maana kompaila inapiga kelele. Kibaya zaidi ni hiki cha tatu:

sizeof('a')

Hapa unauliza herufi moja inachukua nafasi kiasi gani. C inaihesabu kama namba kamili, kwa hiyo kwenye kompyuta nyingi utapata 4. C++ inaihesabu kama herufi, utapata 1. Lugha zote mbili zinaukubali mstari huo bila kulalamika, na kila moja inakupa jibu lake. Hapo ndipo mtu anakesha anatafuta kosa ambalo halionekani.

Kwa hiyo mnaoanza, shikeni haya. Kabla hujaandika kitu, angalia kitabu chako ni cha lugha gani. Halafu angalia jina la faili. Ukitumia gcc, faili la .c linasomwa kama C, na la .cpp linasomwa kama C++. Ila ukiita g++ yenyewe, hata lile la .c italisoma kama C++. Usije ukashangaa.

Mtaniuliza ipi bora. Inategemea unataka kufanya nini. Kiini cha Linux, alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991, sehemu yake kubwa ni C. Chrome na Firefox zina C++ kwa wingi. Zote mbili zina kazi mjini. Chagua moja, ikae kichwani, ndipo uende kwa nyingine.

Na siku kompaila ikikukatalia, usikimbilie kujiona huna akili. Huenda unamsemesha mtoto kwa lugha ya baba yake. Mimi nilibakiza dakika kama kumi tu niache kabisa, na nisingejua kamwe kwamba kosa lilikuwa kwenye herufi mbili za mwisho wa jina la faili.

Nani mwingine yamemkuta? Tupeni stori zenu hapo chini kwenye maoni.