Ramani ya Ziwa Haitunzwi Sandukuni

Meli inapong'oa nanga Mwanza usiku kuelekea Bukoba, abiria hawaulizi ramani ya nahodha ilichorwa lini. Mizigo imekwisha fungwa, kuku wamo matengani, na mama amekwisha mfunika mwanawe kwa khanga. Watu hao wote wamezitia roho zao katika karatasi moja, au siku hizi katika kioo kimoja chenye mwanga. Basi yatupasa sisi tulio macho tuulize kwa niaba yao: je, ramani ile yasema kweli? Na kweli yake yasomeka?

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hakuna lililo kubwa kulipita katika Afrika. Walakini ukubwa wake ni wa upana, si wa kina. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Victoria halifiki hata mita 90. Lile ni mtungi, hili ni sinia. Mawe yale tuyaonayo yamesimama karibu na bandari ya Mwanza yana ndugu zao walio chini ya maji, na hao ndio wa kuogopwa.

Stanley alilizunguka ziwa hili mwaka 1875 kwa mashua, muda wa miezi miwili hivi. Mwendo kama huo waweza kuonyesha ufuko. Hauwezi kuonyesha miamba. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Kamanda B. Whitehouse wa jeshi la maji la Uingereza alipima pwani zake kwa uangalifu zaidi, na kazi ile ikawa msingi wa ramani za mabaharia. Hata hivyo, mwaka 1914 meli Sybil iligonga mwamba karibu na Majita. Hatusemi kwamba kila msiba wa ziwa hili umeletwa na ramani. Misiba ya MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 ilihusu uzito na jinsi vyombo vilivyopakiwa. Lakini aliyepakia vema naye ana haki ya kujua kilicho mbele yake.

Adui wa kwanza wa ramani ni maji yenyewe, kwa kuwa hayakai mahali pamoja. Tuseme kuna mwamba ambao ramani yaonyesha una maji ya mita 1 juu yake. Nambari ile haihesabiwi kutoka uso wa maji wa leo. Huhesabiwa kutoka usawa mmoja waliokubaliana wapimaji, nao ndio sifuri yao. Ziwa likipanda mita 2 juu ya sifuri ile, mwamba utakuwa na maji ya mita 3, na mashua inayozama mita 2 itapita juu yake salama. Itapita leo na kesho, mpaka nahodha aseme mwamba umekwisha. Haukwisha. Wangoja ukame.

Wala mfano huu si ndoto. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 zililipandisha ziwa zaidi ya mita 2 hata kufikia 1964. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka karibu mita 3 chini ya kilele kile. Mwezi Mei 2020 likakipita kilele hicho, likameza magati na nyumba za ufukoni. Kwa hiyo ramani isiyoandika wazi sifuri yake ni ipi haijasema neno kamili, na bandari isiyo na kigingi cha kupimia maji kinachosomwa kila siku yamnyima nahodha nusu ya hesabu.

Adui wa pili ni kazi ya mikono yetu. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, kuvuka Ghuba ya Mwanza. Ramani ya kabla ya daraja huonyesha maji matupu mahali palipo na nguzo za zege. Kuna vizimba vya samaki ambavyo havikuwako zamani, na kuna magugu maji yahamayo kwa upepo. Simu ya leo hupokea ishara za setilaiti na kumwambia mtu alipo kwa kukosea mita chache tu. Jambo jema, lakini kama mwamba ulitiwa ramanini zamani kwa kukadiria, simu itajua ulipo wewe, wala haitajua ulipo mwamba. Na kuikuza picha kwa vidole si kuukuza ukweli.

Adui wa tatu ni msongamano. Mpimaji wa leo hutumia chombo kinachopeleka sauti chini na kupokea mwangwi wake, akapata maelfu ya nambari kwa muda mfupi. Akizichapa zote, ramani huwa uji. Fundi hodari huchagua: penye nambari ishirini zilizobanana, huiacha ile ndogo kuliko zote, kwani ndiyo ivunjayo vyombo. Huandika kipimo kwa herufi kubwa, maana ramani nyingine ni za futi, nyingine za pima, nyingine za mita. Asomaye futi 6 akadhani ni mita 6 amejidanganya kwa zaidi ya mita 4. Na mahali pasipopimwa hupaacha peupe, akaandika kwamba hapajapimwa. Peupe hapo humwambia nahodha apunguze mwendo. Nambari ya kubuni humwambia aendelee.

Ni nani basi wa kuitunza ramani? Mvuvi wa Ukerewe alijua jiwe lililomkatia wavu wake kabla ya ofisi yo yote kulijua. Neno lake lisipotewe na upepo. Na apewe mahali pa kulipeleka: mahali jiwe lilipo, tarehe, na kigingi kilisoma nini siku ile. Desturi ya mabaharia ni njema: hatari ikiarifiwa hutiwa ramanini mara moja, ikiandikwa kwamba imearifiwa tu; bali haifutwi mpaka mpimaji aende ahakikishe. Kila sahihisho huandikwa pembeni mwa ramani kwa nambari na mwaka, ili ye yote aishikaye aone mara moja kama ni nzima au imechakaa. Na kwa kuwa ziwa ni la Tanzania, Uganda na Kenya, sahihisho la Kisumu na la Entebbe lifike Mwanza upesi, wala lisilale mpakani.

Ndugu zangu, kazi hii haina ngoma wala utepe wa kukatwa. Ni kazi ya karani aliye mwaminifu, mpimaji mvumilivu, na mvuvi anayesikilizwa. Ikifanywa vema, meli itatia nanga Bukoba asubuhi, na yule mama atashuka na mwanawe bila kujua kwamba usiku kucha palikuwa na mtu aliyemfanyia kazi.