Kabani ya Ufilipino ni Madebe Mangapi?

Mkulima wa mpunga, huenda siku moja ukapata kijitabu cha kilimo kilichotoka Ufilipino. Si ajabu, kwani huko Los Baños ndiko kiliko kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga, kilichoanzishwa mwaka 1960, na mbegu yake ya IR8 ya mwaka 1966 ilipata sifa nchi nyingi. Ukikifungua utaona mavuno yamehesabiwa kwa kabani. Usidhani kabani ni gunia lako la kilo 90.

Anza na kipimo kidogo. Chaitwa chupa, lakini si chupa ya soda. Ni kikombe cha kupimia nafaka, mfano wa kibaba chetu. Chupa 8 ni ganta 1, nayo ganta ni kisanduku cha mbao kinachosawazishwa juu kwa kijiti. Ganta 25 ni kabani 1. Ganta moja ni lita 3, basi kabani ni lita 75.

Sasa tuvigeuze viwe vipimo vya Kiingereza, ambavyo wazee wengi wangali wanavikumbuka. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546. Gawanya 75 kwa hesabu hiyo, utapata galoni 16 na nusu, yaani busheli 2 na kidogo. Debe letu ni galoni 4, kwa hiyo kabani hujaza madebe 4 na kubakiza nusu galoni. Ganta ni painti 5 na robo, na chupa ni kama theluthi mbili za painti.

Hapo jihadhari. Marekani iliitawala Ufilipino kabla ya uhuru wa mwaka 1946, na galoni ya Kimarekani ni ndogo, lita 3.785 tu. Kitabu kikisema kabani ni karibu galoni 20 hakikukosea. Kimetumia galoni nyingine.

Lakini matata makubwa yamo katika uzito. Zamani kabani ya mpunga wenye maganda ilihesabiwa kuwa kilo 44, yaani ratili 97, na ya mchele kilo 56 au 57. Siku hizi kabani ni gunia la kilo 50. Jina ni lile lile, mzigo si ule.

Chukua mfano. Mwaka 1973 serikali ya Ufilipino ilianzisha mpango ulioitwa Masagana 99, na hiyo 99 ni kabani za mpunga kwa hekta moja. Zidisha kwa 44, utapata kilo 4,356. Gawanya kwa 2.47 upate ekari: kama kilo 1,760, au magunia 19 na nusu ya kilo 90. Mwenzako akizidisha kwa 50 atapata magunia 22 na zaidi. Tofauti ni karibu magunia matatu kwa kila ekari, na aliyekopa fedha za mbolea kwa kuyategemea hayo atayatafuta ghalani asiyaone.

Basi kabla ya kuhesabu, tazama mwaka kijitabu kilipopigwa chapa. Kikiwa cha miaka ya 1960, tumia kilo 44 kwa mpunga. Kikiwa cha siku hizi, tumia 50. Na kama kilo zimeandikwa pembeni, fuata kilo, uiache kabani.