Choo cha Mashua ya Tanga: Yakaguliwe Kabla ya Kununua

Bakuli la choo cha mashua ya tanga mara nyingi huwa chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo, valvu ya kuingizia maji ikisahauliwa wazi, maji yanaweza kuendelea kumiminika bakulini hata pampu ikiwa imesimama, mpaka chombo kizame. Ili kuzuia hatari hiyo, mpira hupandishwa kama upinde juu ya usawa wa maji, na kileleni huwekwa valvu ndogo ya hewa inayokata mvuto.

Mnunuzi aangalie upinde huo umefungwa wapi. Kwa maji yaingiayo, mahali pake ni baina ya pampu na bakuli. Ukitangulia pampu, pampu itavuta hewa. Ubaki juu ya maji hata chombo kinapolazwa na upepo, hivyo kipimo cha bandarini pekee hakitoshi.

Tangi la majitaka nalo lazima lipumue nje. Likiziba, viungo vyaweza kupasuka. Kama kuna harufu, mpira ufutwe kwa kitambaa chenye maji ya moto. Kitambaa kikinuka, mpira umekwisha: ubadilishwe. Manukato ni gharama bure.