Tabibu wa Wanyama na Kalamu ya Usiku



Sote twaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu. Mwenyezi Mungu akampokelea amali yake na kumsamehe. Kila tuikumbukapo, huwafikiria watu ambao kumhudumia mnyama ndiyo kazi yao ya kila siku. Leo twapenda kumtaja mmoja wao. Si wa dini yetu wala wa nchi yetu, lakini wazee walitufunza kuwa hekima ni kitu kilichompotea muumini: popote akionapo huokota.

Mtu huyo ni Alfred Wight, aliyezaliwa Uingereza mwaka wa 1916 na kulelewa Glasgow. Alihitimu utabibu wa wanyama mwaka wa 1939, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika mji mdogo wa Thirsk, jimbo la Yorkshire. Hapo ndipo alipoutumikia umri wake.

Kazi yenyewe haikuwa ya kitini. Simu ikilia usiku wa manane, huamka, akashika njia ya milimani katika baridi kali hadi zizini kwa mkulima. Huko huvua shati, akajipaka sabuni, akalala juu ya mawe, kisha akaupitisha mkono hadi begani ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akimtafuta ndama aliyekaa vibaya ili amgeuze. Pengine ndama hutoka hai, mama akamlamba, na uchovu wote ukasahauliwa. Pengine hufa, na kwa mkulima maskini kifo cha mnyama mmoja ni riziki ya watoto iliyokatika. Miaka ile ya mwanzo dawa zenye nguvu zilikuwa chache. Tabibu alitegemea mikono yake, subira yake, na neno la kumliwaza mwenye mali.

Jioni humsimulia mkewe yaliyompata, akisema kuwa ipo siku atayaandika. Ikapita miaka zaidi ya 20. Mwisho mkewe akamwambia wazi kwamba hataandika kamwe, kwani mtu wa miaka 50 haanzi uandishi. Neno hilo lilimchoma. Akanunua karatasi, akawa anaketi sebuleni na taipureta yake baada ya kazi, wenziwe wakitazama televisheni. Maandishi ya kwanza yalikataliwa na wachapishaji. Akayarudia, akajifunza kuandika kwa lugha nyepesi kama anayesimulia. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka wa 1970. Alipofariki mwaka wa 1995, vitabu vyake vilikuwa vimeuzwa kwa mamilioni. Umaarufu haukumtoa zizini: kwa miaka mingi aliendelea kuwatibu wanyama wa majirani wale wale.

Lililotuvutia zaidi ni adabu yake. Tabibu huingia nyua za watu, akaona ufukara wao, ugomvi wao na machozi yao. Hiyo ni amana. Yeye alibadilisha majina ya watu, akaupa mji jina la kubuni, na lake mwenyewe akalificha kwa lakabu ya James Herriot, kwa kuwa kanuni za kazi yake zilikataza kujitangaza. Na katika visa vyake, achekwaye zaidi ni yeye mwenyewe.

Nasi tulikuwa na bibi aliyejua kumtibu mbuzi aliyevimba tumbo na punda mwenye kidonda cha mgongoni. Kila Idi tulisema tutaketi naye tuyaandike. Hatukuketi. Siku tuliyomzika, tuliizika elimu ile pamoja naye, na hilo ni deni tusiloweza kulilipa.

Basi mama ukamuaye mbuzi alfajiri, dada ulezaye wagonjwa, nyanya uliyewapokea watoto wa mtaa mzima: usingoje nafasi, kwani nafasi haiji. Chukua daftari la mtoto la mwaka jana lenye kurasa zilizobaki. Baada ya Isha andika mistari mitano. Sema kweli, sitiri aibu za watu. Nawe baba, osha vyombo usiku huo, mkeo apate kuandika.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, ibaki baada yetu. Wabillahi tawfiq.