Mhudumie Mgonjwa kwa Moyo Wote, na Glavu Uvae



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wako akina mama na vijana wanaojitoa kweli kweli kwa wagonjwa. Huwaogesha, huwalisha, huwafulia nguo. Lakini mara nyingi nimesikia wengine wakikataa glavu. "Nitamshikaje mama mkwe wangu kana kwamba ni uchafu?" Neno hilo hutoka katika upendo, ila laweza kuleta msiba wa pili katika nyumba ile ile.

Hebu tutazame hospitali ya misheni ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu, Uganda. Daktari Lucille Teasdale kutoka Kanada alianza kupasua wagonjwa hapo mwaka 1961. Alipokuwa akiwatibu majeruhi wa vita aliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kujikata mikono. Aligunduliwa mwaka 1985, lakini aliendelea kuhudumia wagonjwa kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1996.

Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu. Daktari Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Lacor, alikuwa masomoni Kampala. Mwezi Oktoba aliitwa, akarudi, akapitia majalada ya wagonjwa, akaushuku ugonjwa huo hata kabla ya maabara kuthibitisha. Akatenga wodi maalumu, na wauguzi wa kujitolea wakaingia humo wakiijua hatari. Yeye ndiye aliyesisitiza mavazi ya kinga. Hata hivyo usiku mmoja aliitwa haraka kwa muuguzi mgonjwa aliyekuwa akivuja damu. Inaaminiwa kwamba aliambukizwa hapo, kwa kuwa hakuvaa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akazikwa kando ya kaburi la Dkt. Teasdale. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua, na 224 walikufa.

Ikiwa mtu aliyejua yote hayo aliambukizwa kwa nafasi ndogo namna hiyo, sisi tunaouguza nyumbani tusione kinga kuwa dharau. Mwelezeni mgonjwa taratibu kwamba glavu zinamlinda naye pia, maana vidonda vyake hupata wadudu kutoka mikononi mwetu. Glavu zikikosekana, mfuko safi wa plastiki usiotoboka wafaa. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ulivaa glavu. Una kidonda mkononi? Kifunike kwanza. Shuka zenye damu zilowekwe katika dawa ya klorini: kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Loweka dakika 10, kisha fua.

Pale panaposhukiwa Ebola au Marburg, glavu na mfuko havitoshi. Marburg ilitokea mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025, kwa hiyo si habari ya mbali. Msimguse mgonjwa wala kuosha maiti. Itani wahudumu wa afya mara moja. Najua ni vigumu sana kwetu tuliozoea kuwaaga marehemu wetu kwa mikono.

Mwisho, anayelinda usiku apokelewe mchana, apate kulala na kula. Jumuiya ipange zamu, na wanaume nao waandikwe.